Kutoka Hana hadi Neema: Maana, Historia na Ueneaji wa Jina la Kiebrania katika Mazingira ya Kiswahili ya Shelui, Singida

Ikisiri

Makala hii inachunguza jina la kike la Kiebrania ambalo katika Biblia ya Kiswahili huandikwa Hana, pamoja na majina yanayohusiana nalo, yaani Ana, Anna na Neema. Mazingira yanayozingatiwa ni ya mji mdogo wa Shelui, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Makala inafafanua mzizi wa jina hili katika lugha za Kisemiti, inafuatilia njia mbili zilizolifikisha katika Kiswahili, kisha inaeleza kwa nini umbo la Kiyunani limeenea na lile lililo karibu zaidi na Kiebrania limebaki adimu. Hoja kuu ni kwamba katika Kiswahili jina Hana limegongana na kitenzi kikanushi hana, na kwamba mgongano huo hupata uzito kutokana na desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Makala inahitimisha kwamba maana ya jina la mkopo haikamiliki kwa kutaja mzizi wake peke yake, bali inahitaji pia kuzingatia sarufi ya lugha inayolipokea na mahusiano ya kijamii ambamo jina hilo hutamkwa.

1.0 Utangulizi

Wazazi wanaotafuta jina la mtoto katika jamii za Kikristo za Tanzania huuliza kwanza jina hilo lina maana gani. Jibu wanalopewa na vitabu vya majina, wahubiri au jamaa huwa ni la kietimolojia: Hana maana yake ni neema. Jibu hili ni sahihi kwa upande wa Kiebrania, lakini haliwezi kueleza kwa nini jina lenye maana njema kiasi hicho, linalobebwa na mmoja wa wanawake wanaoheshimiwa sana katika Agano la Kale, halisikiki mara nyingi miongoni mwa wasichana wanaokua wakisema Kiswahili, ilhali Anna na Neema ni majina yaliyozoeleka mno.

Katika falsafa ya lugha, Mill (1843) alidai kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kueleza sifa yake yoyote. Wataalamu wa majina ya Kiafrika wamelipinga dai hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa majina mengi ya Kibantu na ya Kiswahili yana maana iliyo wazi kwa msemaji. Zawawi (1993), kwa mfano, ameyakusanya majina ya Waswahili pamoja na maana zake. Hata hivyo, mjadala huo umejikita zaidi katika majina ambayo maana yake ilikusudiwa na mtoaji. Jina Hana linaleta suala tofauti kidogo: jina lenye maana moja katika lugha lilikotoka, likapata maana nyingine isiyokusudiwa na yeyote katika lugha lilikofikia. Makala hii inalishughulikia suala hilo.

2.0 Shelui na mazingira yake ya lugha

Shelui ni kata na mji mdogo katika Wilaya ya Iramba. Upo kando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Igunga na Nzega, chini ya mteremko wa Mlima Sekenke. Eneo hili linajulikana katika historia ya uchumi wa nchi kwa sababu ya dhahabu ya Sekenke, ambayo ilianza kuchimbwa enzi ya utawala wa Wajerumani. Wachimbaji wadogo, wafugaji, wakulima na wafanyabiashara wa barabarani wameifanya Shelui kuwa mahali pa makutano ya watu. Kinyiramba ndiyo lugha ya wenyeji, lakini Kisukuma nacho husikika, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote sokoni, shuleni, zahanati na katika nyumba za ibada.

Ukristo wa Kilutheri uliingia Iramba kupitia wamisionari wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Wajerumani kuondolewa, kazi hiyo ilichukuliwa katika miaka ya 1920 na misheni ya Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Sweden. Leo eneo hilo lipo chini ya Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yenye makao yake Singida. Wapo pia Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu. Kwa hiyo jina la mtoto katika mji kama huu hupokewa na masikio ya aina nyingi. Mtoto huitwa na bibi anayesema Kinyiramba, mwalimu anayesema Kiswahili, na jirani wa dini nyingine. Katika hali hiyo, lugha inayotumiwa na wote ndiyo inayoamua jina litasikikaje hadharani.

Jina la kibiblia kwa kawaida huwa jina la kwanza, likifuatwa na jina la baba au la ukoo kama vile Mkumbo au Msengi, ambayo ni majina yanayofahamika Iramba. Jina la ukoo humhusisha mtu na asili yake, na jina la kwanza huachiwa uhuru mkubwa zaidi wa uchaguzi. Uhuru huo ndio unaowezesha kuchunguza ni jina lipi hupendelewa na ni lipi huachwa.

3.0 Mzizi wa jina na jamaa zake

Jina la Kiebrania Ḥannah linatokana na mzizi wenye konsonanti tatu ḥ-n-n, wenye dhana ya kumtendea mtu wema asioustahili, kumfadhili au kumhurumia. Nomino ḥen ya mzizi huo ina maana ya fadhila, kibali au mvuto unaomfanya mtu apendelewe. Mzizi huu haukuwa wa Waebrania peke yao. Wafoinike wa Karthago walikuwa nao, na jina la jemadari Hannibal lina maana ya kwamba mungu Baali amefadhili. Katika Kiarabu mzizi huohuo umezaa ḥanān, yaani upole wa moyo, neno linalotumika pia kama jina la kike.

Katika Biblia mzizi huu umezaa ukoo mkubwa wa majina. Yohana ni umbo la Kiebrania Yoḥanan, lenye maana ya kwamba Mungu amefadhili. Hanania na Anania ni jina lilelile katika maumbo mawili, la kwanza likitoka katika Kiebrania cha Agano la Kale na la pili likipitia Kiyunani cha Agano Jipya. Hanani, Elhanani, Yoana na kuhani Anasi ni wa ukoo huohuo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na majina haya yote bila kudokezwa kwamba ni ndugu.

Simulizi la kitabu cha 1 Samweli linautumia mzizi huu kwa ustadi. Hana ni mke wa Elkana, na mke mwenziwe Penina ana watoto lakini yeye hana. Anapokwenda kuomba hekaluni na kuhani Eli akamtakia heri, Hana anajibu kwa kuomba apate ḥen machoni pa kuhani huyo. Kwa msikilizaji wa Kiebrania, mwanamke huyu anatamka jina lake mwenyewe: aliyeitwa Fadhila anaomba fadhila. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imetumia neno kibali mahali hapo. Tafsiri hiyo ni sahihi kimaana, lakini mlio wa jina umepotea. Jambo la kustaajabisha ni kwamba tafsiri hiyohiyo, bila mfasiri kukusudia, imezalisha mlio mwingine ambao haukuwamo katika Kiebrania. Mwanamke asiye na mtoto anaitwa Hana.

4.0 Njia mbili za jina moja

Jina hili liliingia katika Kiswahili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipitia Kiyunani. Tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kiyunani, iliyoanza kufanywa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, iliandikwa kwa alfabeti isiyo na herufi ya kuwakilisha sauti ya kooni ḥ. Sauti hiyo ilidondoka, na Kilatini kikalirithi jina kama Anna. Biblia ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa la Magharibi ilimwita Anna mama yake Samweli, na ikamwita vivyo hivyo nabii wa kike binti Fanueli anayetajwa katika Injili ya Luka.

Umaarufu wa umbo hili ulikuzwa na mwanamke wa tatu ambaye hatajwi katika Biblia. Maandishi ya karne ya 2 yanayojulikana kama Injili ya Yakobo yanamtaja Anna kuwa mama yake Bikira Maria, na yanasimulia habari zake kwa kufuata kielelezo cha Hana wa kale: mwanamke aliyekosa mtoto, akaomba, akasikilizwa. Wakatoliki humkumbuka Anna pamoja na mumewe Yoakimu tarehe 26 Julai. Mapokeo ya Kiislamu nayo humwita mke wa Imrani, mama yake Maryamu, kwa jina la Hanna, ingawa Kurani haimtaji kwa jina.

Njia ya pili ilitokana na Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, pale wafasiri waliporejea matini ya Kiebrania. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitofautisha wanawake wawili, Hannah wa Agano la Kale na Anna wa Agano Jipya. Biblia ya Kijerumani ya Luther iliwaita wote wawili Hanna. Biblia ya Kiswahili ya 1952 ilifuata njia ya kutofautisha: mama yake Samweli ni Hana na binti Fanueli ni Ana. Hivyo msemaji wa Kiswahili alipewa maumbo mawili ya jina moja, yanayotofautiana kwa fonimu moja tu, /h/.

5.0 Jina ndani ya sarufi ya Kiswahili

Jina la Kiebrania lilipoingia katika Kiswahili lilipitia mabadiliko mawili ya kifonolojia ambayo ni ya kawaida kabisa. La kwanza ni kuungana kwa sauti za kooni. Kiswahili sanifu kinachozungumzwa leo na wengi kina /h/ moja inayobeba sauti tatu tofauti za Kiarabu, kama inavyoonekana katika maneno hali, hewa na habari, ambayo katika Kiarabu huanza kwa sauti tatu zisizofanana. Kwa mkondo huohuo, ḥ ya Kiebrania ikawa /h/. La pili ni kupotea kwa urudufu wa konsonanti: /nn/ ya Ḥannah ikawa /n/. Matokeo ni Hana, neno la silabi mbili lenye mkazo katika silabi ya kwanza.

Neno hilo tayari lilikuwapo katika Kiswahili. Tazama mfano wa (1):

(1) a. Ana mtoto.
b. Hana mtoto.

Katika (1a), a- ni kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika ngeli ya kwanza, na -na huonyesha umiliki au kuwa pamoja na kitu. Katika (1b), kikanushi ha- kimeungana na kiambishi hicho cha nafsi. Ulinganifu na majina yetu ni kamili. Umbo la Kiyunani, Ana, linalandana na tungo yakinishi, na umbo la Kiebrania, Hana, linalandana na tungo kanushi. Sauti ya kooni iliyodondoka katika Kiyunani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita imekuwa, katika Kiswahili, tofauti kati ya kuwa nacho na kutokuwa nacho.

Mara nyingi muktadha wa kisintaksia huondoa utata. Katika (2) jina ni kiima na kitenzi kinafuata mara moja, hivyo msikilizaji hapati taabu:

(2) a. Hana ana mtoto.
b. Hana hana mtoto.
c. Hana amefika.

Taabu hutokea pale jina linaposimama peke yake au mwishoni mwa tungo. Kitenzi hana kinahitaji kijalizo. Mtu hana hiki au hana kile, na kijalizo hicho kinaweza kuachwa iwapo kimekwisha kutajwa. Kwa sababu hiyo, Hana linaloitwa peke yake husikika kama sentensi iliyokatwa kabla ya kukamilika, na msikilizaji huachiwa kazi ya kujaza pengo.

Ni vyema kutaja kwamba jina la Kiislamu Hanaa, lenye asili ya Kiarabu na maana ya furaha au raha, halimo katika mgongano huu. Irabu zake mbili za mwisho ni silabi mbili, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ha-NA-a. Yohana nalo limo salama, ingawa lina mzizi uleule na hata mfuatano uleule wa sauti hana ndani yake. Silabi ya mwanzo inalikinga. Kwa hiyo fadhila ileile iliyomo katika Hana hutamkwa kila siku bila shida yoyote pale inapobebwa na mtoto wa kiume.

6.0 Jina la mtoto ni jina la mama

Mgongano wa kisauti peke yake usingetosha kulifanya jina liepukwe. Lugha zote zina maneno yanayofanana na majina, na wasemaji huyazoea. Isitoshe, Waswahili na jamii nyingine za Tanzania hawaogopi majina yenye maana nzito. Tabu, Shida na Masumbuko ni majina ya watu. Hata majina yenye umbo la tungo kanushi yapo: Sikudhani na Siwema ni majina ya wanawake yanayofahamika sana. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: ikiwa Siwema ni jina, Hana lina kasoro gani?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, majina kama Tabu na Sikudhani ni kauli za mzazi. Yanasimulia tukio la wakati wa kuzaliwa, au yanapeleka ujumbe kwa jirani, au yanamkinga mtoto dhidi ya husuda. Sikudhani ni kauli ya nafsi ya kwanza. Hana ni kauli ya nafsi ya tatu, inayomhusu anayeitwa au anayetajwa, na hakuna mzazi aliyekusudia kuitoa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, katika Shelui kama ilivyo kwingi Tanzania, mwanamke akishazaa huacha kuitwa kwa jina lake katika mazungumzo ya heshima. Huitwa Mama Fulani, na fulani huyo mara nyingi ni mtoto wake wa kwanza. Jina la mtoto linageuka kuwa jina la mama, na wakati mwingine la baba. Fikiria mazungumzo ya sokoni yaliyobuniwa katika (3):

(3) – Nani ana chumvi?
– Mama Hana.

Jibu hili lina usomaji wa namna mbili. Linaweza kumtaja mwenye chumvi, yaani mzazi wa binti aitwaye Hana. Linaweza pia kumaanisha kwamba mama hana chumvi. Sasa linganisha na (4):

(4) – Nani ana chumvi?
– Mama Ana.

Hapa usomaji wote wawili unaelekea upande mmoja: ama ametajwa mzazi wa Ana, ama imesemwa kwamba mama anayo. Katika mfano wa (3) jina na habari vinapingana. Katika (4) vinakubaliana.

Katika jamii ambamo utu uzima wa mwanamke hupimwa kwa uzazi, jambo hili si mchezo wa maneno tu. Methali isemayo asiye na mwana aeleke jiwe huonyesha jinsi Kiswahili kinavyomtazama mtu aliyekosa mtoto. Cheo cha Mama Fulani ni tangazo la hadharani kwamba mwanamke anaye mtoto. Kumwita Mama Hana ni kumpa cheo hicho na kwa sauti ileile kukikanusha. Kinaya chake ni kikali zaidi kwa mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kuzaa kisha akapata binti. Simulizi la 1 Samweli ni lake, na jina Hana ndilo lingestahili kuwa ukumbusho wa sala yake. Hata hivyo, ndilo jina ambalo katika Kiswahili lingemrudishia kila siku, kinywani mwa majirani, neno alilolisikia katika miaka ya kungoja.

7.0 Njia za kuiokoa maana

Wasemaji hawajalitupa jina hili. Wameiokoa maana yake kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubadili umbo la sauti kwa kuchagua Anna. Kwa kuwa Anna na Hana ni jina moja kihistoria, mzazi anayemwita bintiye Anna amempa jina la mama yake Samweli, ajue au asijue. Umbo hili lina nguvu nyingine ya ziada, yaani kukubalika kwake kwa Wakatoliki na Waprotestanti vilevile.

Njia ya pili ni kubadili tahajia na kuandika Hanna au Hannah. Njia hii hufanya kazi kwa jicho. Herufi kubwa, n mbili na h ya mwisho humwonyesha msomaji kwamba neno ni jina la mtu, na wala si kitenzi. Haimsaidii msikilizaji, kwa sababu urudufu wa /n/ katikati ya neno si sehemu ya matamshi ya kawaida ya Kiswahili, na Mama Hannah hutamkwa sawa na Mama Hana.

Njia ya tatu ni kutafsiri. Neema si umbo la Hana, ni tafsiri yake. Neno hili lilitoka katika Kiarabu niʿma, lenye maana ya baraka na riziki, na wafasiri wa Biblia walilitumia kuwakilisha dhana ya Kikristo ya fadhila ya Mungu isiyostahiliwa. Kwa maana, basi, Neema ndiye Hana wa Kiswahili. Kwa mzizi, hata hivyo, Neema ana jamaa mwingine kabisa katika Biblia. Niʿma ya Kiarabu inatokana na mzizi n-ʿ-m, ambao katika Kiebrania unahusu kupendeza na utamu, na ndio uliozaa majina Naama na Naomi. Neema ni pacha wa Hana kwa maana na ni binamu wa Naomi kwa damu. Kwa kuwa neno hili ni la Waislamu na Wakristo pia, jina Neema halimtambulishi mtoto kwa dini yake, na hiyo ni faida katika mji wenye watu mchanganyiko kama Shelui. Na Mama Neema ni cheo ambacho kila mwanamke angependa kuitwa.

8.0 Je, ni sarufi au ni historia?

Inaweza kudaiwa kwamba Anna limeenea kuliko Hana kwa sababu za kihistoria tu, yaani heshima ya Kanisa kwa Mtakatifu Anna, na kwamba sarufi ya Kiswahili haihusiki. Dai hili lina ukweli. Anna lilikuwa limeenea Ulaya nzima kabla halijafika Afrika Mashariki, na Watanzania wa vizazi vilivyozaliwa katika kipindi cha ukoloni walilipokea likiwa na hadhi hiyo. Orodha ya wanawake mashuhuri nchini inathibitisha. Anna Makinda alikuwa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge kati ya 2010 na 2015. Anna Tibaijuka aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi kati ya 2000 na 2010. Anna Senkoro aligombea urais mwaka 2005. Anna Mghwira, mzaliwa wa Singida, aligombea urais mwaka 2015 na baadaye akawa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro.

Hata hivyo, historia peke yake haitoshi kwa sababu tatu. Kwanza, Waprotestanti wa Tanzania wameyapokea kwa wingi majina ya wanawake wa Agano la Kale ambayo hayakusukumwa na ibada ya watakatifu: Debora, Naomi, Raheli, Rebeka na Ruth ni mifano. Kama kukosa ibada ya mtakatifu kungekuwa ndiyo sababu, majina haya nayo yangekuwa adimu. Hana, ambaye simulizi lake ni maarufu kuliko la Debora, angetarajiwa kuwa katika orodha hiyo.

Pili, wamisionari wa kwanza wa Iramba walitoka katika mapokeo ya Kilutheri ya Kijerumani, ambamo jina Hanna lilikuwa hai katika Biblia na katika maisha ya kila siku. Hawakukosa kulifahamu umbo lenye h.

Tatu, nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Wakikuyu, Hannah ni jina la kawaida la wanawake. Maeneo hayo nayo yalihubiriwa na Waprotestanti, lakini lugha ya nyumbani kwa muda mrefu imekuwa Kikuyu, na Kiingereza kimekuwa na nafasi kubwa kanisani na shuleni. Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya kumwitia mtoto. Tofauti ya pande mbili za mpaka inaelekea kufuata nafasi ya Kiswahili nyumbani zaidi ya aina ya Ukristo uliohubiriwa.

Yafaa hoja hii iwekewe mpaka wake. Baadhi ya wasemaji wa Kiswahili hudondosha /h/ mwanzoni mwa neno, na kwao tofauti ya Ana na Hana hufifia katika mazungumzo ya haraka. Vilevile, pengo la kijalizo laweza kujazwa kwa wema: hana hatia, hana mfano, hana kinyongo. Mzazi anayelipenda jina hili anaweza kulitetea kwa njia hiyo. Mgongano wa kisarufi haukatazi jina. Unalitoza gharama, na wazazi wengi wameona Anna na Neema yanatoa maana ileile bila gharama hiyo.

9.0 Tahajia na nyaraka

Kuwapo kwa maumbo mengi ya jina moja kuna athari nje ya isimu. Binti mmoja anaweza kuandikwa Hana katika cheti cha ubatizo, Hanna katika daftari la shule, na Anna katika cheti cha kuzaliwa, kutegemea mwandishi amesikia nini na amezoea tahajia ipi. Kwa familia, hayo yote ni jina moja. Kwa mifumo ya nyaraka ni majina matatu. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani na kitambulisho cha taifa humlazimu mhusika kuthibitisha kwa kiapo au hati ya kisheria kwamba ni mtu yuleyule, mara nyingi katika wakati anaohitaji mkopo wa masomo au ajira, na mbali na makao ya wilaya au mkoa.

Hapa maarifa ya isimu yana kazi ya vitendo. Mwandikaji anayejua kwamba /h/ hudondoka katika matamshi ya baadhi ya watu, na kwamba n mbili hazisikiki, atajua kwamba jina hili haliwezi kuandikwa kwa kusikia tu. Atamwomba mzazi alitaje kwa herufi, au alinganishe na nyaraka iliyotangulia. Majina Ana, Anna, Hana, Hanna na Hannah yanastahili kutajwa mahususi katika mafunzo ya waandikishaji wa shule na wa parokia.

10.0 Hitimisho

Jina Hana lilikuwa na maana ya fadhila katika Kiebrania. Kiyunani kilililetea umaarufu baada ya kulivua sauti yake ya kwanza. Kiswahili kililipokea likiwa na sauti hiyo, na sauti hiyo ikaligeuza kuwa tamko la kukosa. Katika mji kama Shelui, ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wanyiramba, Wasukuma na wageni wa barabarani, na ambako mama huitwa kwa jina la mwanawe, tamko hilo haliishii kwa mtoto. Humfikia mama yake. Hiyo ndiyo sababu wazazi wamelihifadhi jina kwa umbo la Anna na wameihifadhi maana kwa neno Neema.

Kutokana na hayo, kamusi na vitabu vya majina vya Kiswahili havina budi kutoa maelezo ya aina mbili kwa kila jina la mkopo: maana yake katika lugha lilikotoka, na jinsi linavyosikika katika Kiswahili, likiwemo linapotanguliwa na Mama au Baba. Watafiti chipukizi wana data tele ya kuipima hoja hii katika vitabu vya ubatizo vya Iramba, madaftari ya shule za msingi na orodha za vijiji, hasa kwa kulinganisha vizazi vilivyolelewa kwa Kinyiramba na vile vilivyolelewa kwa Kiswahili. Ikiwa hoja ni sahihi, kadiri Kiswahili kinavyozidi kuwa lugha ya nyumbani ndivyo Hana litakavyozidi kupungua na Neema kuongezeka. Ikiwa si sahihi, vitabu hivyo ndivyo vitakavyoonyesha.